Eksirei ya meno kwa mbwa na paka: kinywa kizima, jino moja, au macho tu?

Anayempeleka mbwa au paka kusafishwa meno hukutana na mstari mmoja kwenye makadirio ya gharama unaomfanya asite: picha za eksirei za kinywa. Harufu ameisikia mwenyewe, ukoga ameuona, na jino bovu daktari amemwonyesha kwa kidole. Picha ya nini tena? Upande wa pili wa meza, daktari naye ana swali lake: nipige jino hili moja linalosumbua, au nipige kinywa chote?

Nitaweka msimamo wangu mapema ili mwenye haraka asihangaike. Paka akishapewa nusukaputi kwa ajili ya meno, apigwe picha kinywa kizima, kila mara. Mbwa apigwe kinywa kizima mara ya kwanza. Mara zinazofuata daktari ana nafasi ya kuchagua. Na jino lolote linalong'olewa, liwe la mbwa au la paka, lipigwe kabla na baada. Yanayofuata ni sababu zake, pamoja na ulinganisho wa njia zenyewe, maana zipo kadhaa na kila moja ina kazi yake.

Macho na kijiti cha kupimia, au picha?

Kuna mambo ambayo macho na mikono huyaona na picha haiyaoni. Mnyama akiwa amelala, daktari huzungusha kijiti chembamba chenye alama za milimita kwenye ukingo wa kila jino. Kwa mbwa mwenye fizi nzima kijiti huzama hadi milimita 3 hivi na kugota. Kwa paka kikizama zaidi ya milimita 1 ujue kuna jambo. Kijiti ndicho kinachoonyesha mfuko uliojificha upande wa ndani wa jino, jino linalotikisika, fizi inayovuja damu ikiguswa, na mahali ambapo njia panda ya mizizi imebaki wazi. Jino lililobadilika rangi, ufa mdogo, kidonda chini ya ulimi: yote hayo ni kazi ya macho.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya jino imezikwa. Mzizi wa jino la chonge la mbwa ni mrefu kuliko sehemu inayoonekana, nao umepinda kurudi nyuma ndani ya taya. Gego kubwa la juu la kukatia nyama, ambalo madaktari huliandika 108 upande wa kulia na 208 upande wa kushoto, lina mizizi 3. Kijiti hakifiki kwenye ncha za mizizi hiyo, na huko ndiko usaha unakoanzia jino linapokufa.

Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha tafiti mbili, moja ya mbwa na nyingine ya paka. Walipiga picha kinywa kizima kisha wakalinganisha na yaliyokwisha kuonekana kwa uchunguzi wa kawaida. Kwenye meno yaliyodhaniwa kuwa mazima, picha zilifichua jambo lenye uzito wa kitabibu kwa asilimia 27.8 ya mbwa na asilimia 41.7 ya paka. Kwenye meno yaliyokwisha kujulikana kuwa mabovu, picha ziliongeza taarifa kwa takriban nusu ya wanyama. Tuzisome takwimu hizi kwa uangalifu: wanyama wale walikuwa wamepelekwa pale kwa ajili ya matibabu ya meno. Mbwa wa mwaka mmoja na nusu mwenye meno meupe hana uwezekano huohuo. Hata hivyo, wanyama wengi wanaolazwa mezani kwa ajili ya meno wanafanana zaidi na wale wa Davis kuliko na huyo kijana.

Picha nayo ina upofu wake, na hili husemwa mara chache na wauza mashine. Mfupa unatakiwa upoteze kati ya asilimia 30 na 50 ya madini yake kabla upungufu haujaonekana kwenye eksirei, kwa hiyo ugonjwa ulioanza juzi unaweza kupita bila kuonekana. Mfupa ulioliwa upande mmoja tu wa jino hufunikwa na mfupa mzima wa upande wa pili, kwa sababu picha hubandika vyote kwenye bapa moja. Jino lililogeuka zambarau au kijivu baada ya kugongwa mara nyingi limekufa ndani hata kama picha haionyeshi kasoro yoyote. Ndiyo maana picha bila kijiti ni nusu ya uchunguzi, sawa na kijiti bila picha.

Kuna chaguo la tatu linalouzwa kwa jina la usafi wa meno bila nusukaputi. Mnyama hushikwa, ukoga wa nje hukwanguliwa, meno hung'aa. Chini ya fizi hapaguswi, kijiti hakiingii kwa utaratibu, na picha za ndani ya kinywa hazipigwi. Miongozo ya meno ya WSAVA, chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, iliyotoka 2020, inaikataa huduma hiyo. Nami naikataa pia, kwa sababu mwenye mnyama hurudi nyumbani akiamini tatizo limekwisha ilhali limepakwa rangi tu.

Kinywa kizima, au meno machache yanayoshukiwa?

Hapa ndipo madaktari wenyewe hutofautiana, na jibu la paka si jibu la mbwa.

Tuanze na paka. Paka mzima ana meno 30, na ugonjwa unaomsumbua sana ni jino kumong'onyoka: seli za mwili wake mwenyewe hulila jino taratibu, mara nyingi kuanzia shingoni, pale fizi inapokutana na jino. Gego dogo la kwanza la chini, 307 au 407, ndilo mhanga wa kawaida. Ukilitazama kwa karibu unaona kinyama chekundu cha fizi kimepanda juu ya jino kama kinaziba kitundu. Ukigusa kitundu hicho kwa ncha ya kijiti, taya la paka hutetemeka hata akiwa kwenye nusukaputi. Mtu anayesema paka wake haumwi kwa sababu bado anakula angeshuhudia hilo mara moja tu angebadili kauli.

Sasa, jino hilo litolewe vipi? Macho hayawezi kujibu. Ugonjwa huu una aina tatu. Kwenye picha, aina ya 1 huonyesha mzizi uliobaki na umbo lake, ukiwa na mstari mwembamba mweusi kuuzunguka. Huo ni utando unaoshikilia jino kwenye mfupa. Jino la namna hiyo hung'olewa lote, hadi ncha. Aina ya 2 ni kinyume: mstari umetoweka, mzizi umefifia na kugeuka sehemu ya mfupa. Kuuchimba ni kuchimba taya lenyewe, na taya la paka ni jembamba. Daktari hukata taji, yaani sehemu ya jino iliyo juu ya fizi, hulainisha ukingo, hushona fizi juu yake, na kazi imekwisha. Aina ya 3 ni jino moja lenye mizizi ya tabia mbili, mmoja hivi na mwingine vile, na kila mzizi hutendewa kwa hali yake.

Ukikosea, madhara yapo pande zote mbili. Kukata taji la jino la aina ya 1 ni kumwachia paka mzizi hai unaouma chini ya fizi iliyopona vizuri, asiweze kumwambia mtu. Kulazimisha kung'oa aina ya 2 kunaweza kuvunja taya. Hata aina ya 2 haikatwi taji tu ikiwa mfupa unaozunguka jino umeliwa na ugonjwa wa fizi, ikiwa kuna doa jeusi kwenye ncha ya mzizi, au ikiwa paka ana uvimbe sugu wa kinywa kizima. Masharti hayo karibu yote yanasomwa kwenye picha. Na kwa kuwa paka mwenye jino moja linalomong'onyoka mara nyingi ana jingine njiani, kupiga picha jino moja ni kujinyima taarifa ambayo tayari umemlaza mnyama ili uipate. Picha 6 hadi 10 zinatosha kwa kinywa chote. Kwa paka, sioni hoja yenye nguvu ya kuchagua.

Mbwa ana meno 42 na ukubwa wa kichwa usio na kipimo kimoja, hivyo kinywa kizima huweza kuhitaji picha 10 kwa mbwa mdogo na karibu 20 kwa mkubwa. Mkono uliozoea huenda haraka. Ambao haujazoea hupiga kila jino mara tatu, na muda huo wote mnyama yuko kwenye nusukaputi, joto la mwili linashuka. Hiyo ni hoja halali ya wanaotetea kuchagua, na siidharau.

Lakini kuchagua kuna mtego wake. Daktari anayechagua anachagua kwa macho, yaani anatumia chombo kilekile ambacho tumekwisha kusema hakioni mizizi. Tena jino moja haliwi jino moja. Njia nzuri ya kutambua jino lililokufa zamani ni kulilinganisha na pacha wake wa upande wa pili: jino hai huendelea kujijenga kwa ndani na mfereji wake wa katikati, unaobeba neva na damu, hupungua kadiri mnyama anavyokua, ilhali lililokufa husimama pale lilipofia na mfereji wake hubaki mpana. Bila picha ya pacha, upana huo haukuambii kitu. Kwa hiyo hata anayechagua anahesabu mawili mawili.

Mimi nakubali kuchagua kwa mbwa aliyekwisha kupigwa kinywa kizima siku za karibuni, ambaye kijiti hakikupata mfuko wowote mpya, na ambaye amekuja kwa tatizo moja linalojulikana, mathalani jino lililovunjika kwa kutafuna mfupa. Sikubali kwa mbwa wa mbegu ndogo. Hao meno yao yamesongamana kwenye taya jembamba, ugonjwa wa fizi huwaanza mapema na huwala mfupa haraka, na hali ya mwaka jana haikuhakikishii chochote mwaka huu. Wenye pua fupi nao wana meno yaliyogeuka na mengine yaliyogoma kutoka, hivyo kinywa kizima ni lazima angalau mara moja maishani, mapema.

Seti ya kwanza kamili ina faida nyingine isiyoonekana siku hiyohiyo: inakuwa kumbukumbu. Doa la leo likiwa lilikuwepo miaka miwili iliyopita na halijakua, uamuzi unabadilika kabisa.

Mahali ambapo hakuna mjadala

Jino lililovunjika hadi kiini kuonekana, jino lililobadilika rangi, uvimbe wa taya, ajali ya gari, usaha puani upande mmoja, uvimbe chini ya jicho: hapa picha inapigwa, na anayeuliza kama ni lazima anauliza swali lisilo na faida. Uvimbe chini ya jicho la mbwa hasa hudanganya. Hupewa antibiotiki, hunywea, mwenye mbwa hufurahi, kisha hurudi baada ya wiki chache. Chanzo cha kawaida ni ncha ya mzizi wa gego la kukatia nyama la juu, na hakitaisha hadi jino ling'olewe au mfereji wake utibiwe. Jino likivunjika bila kiini kufunguka, nalo hupigwa picha, kisha hurudiwa baada ya miezi 6 hadi 12, kwa sababu baadhi hufa kimyakimya.

Jino ambalo halipo linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa wengi hulipuuza. Ukihesabu meno ya mbwa mzima na gego dogo la kwanza la chini halipo, kuna mambo matatu yanayowezekana. Huenda halikuwahi kuumbwa, halina neno. Huenda lilivunjika na mzizi umebaki. Au limo ndani ya mfupa, halikutoka. Hili la tatu ndilo la kuogopa: jino lililozikwa linaweza kujijengea mfuko wa majimaji unaokua pole pole na kula taya, na Boxer, Pug na jamaa zao wenye pua fupi wanajulikana kwa hilo. Mtoto wa mbwa akifika miezi 7 na nafasi bado tupu, picha moja inamaliza ubishi. Jino likikutwa limezikwa wakati huo, kulitoa ni upasuaji mdogo. Likikutwa baada ya miaka mitano, huenda nusu ya taya imeshakuwa ganda.

Watoto wa mbwa wenye jino la utoto lililogoma kung'oka wanapigwa pia kabla ya kuling'oa. Mizizi ya meno hayo ni mirefu na myembamba, huvunjika kwa urahisi, na pembeni yake kuna jino la kudumu ambalo bado ni laini. Ni vizuri kujua lipo wapi kabla ya kuingiza chuma.

Kuhusu kung'oa, picha ya kabla humwambia daktari mizizi ni mingapi, imepinda wapi, na taya limebaki na nguvu gani. Mfano ninaoupenda kwa ubaya wake ni gego kubwa la chini la mbwa mdogo, 309 au 409. Kwa mbwa wa kilo tatu, mizizi ya jino hilo huteremka karibu hadi ukingo wa chini wa taya. Ugonjwa wa fizi ukishakula mfupa unaolizunguka, kinachobaki kushikilia taya ni kipande chembamba. Daktari aliyeona picha hupasua fizi, hugawa jino vipande viwili na kutoa kila mzizi kwa upole, tena baada ya kumwonya mwenye mbwa. Asiyeona hukaza mkono, na anasikia mlio ambao hakuna daktari anayetaka kuusikia.

Picha ya baada ya kung'oa ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu kila mtu amechoka na tundu linaonekana tupu. Ipigwe kabla ya kushona. Ncha ya mzizi iliyovunjika ndani haionekani kwa damu ile, lakini kwenye picha inajitokeza waziwazi. Kwa paka anayeng'olewa meno yote kwa sababu ya uvimbe sugu wa kinywa, picha hii haina mbadala: mizizi michache iliyosahaulika inatosha kuzuia kinywa kupona, halafu lawama zinaangukia ugonjwa.

Ndani ya kinywa, kichwa kizima, au CT?

Kliniki nyingi zina mashine kubwa ya eksirei ya kifua na mifupa, na kishawishi ni kuitumia kwa meno. Inawezekana, ila ujue unachopata. Ukilaza kichwa cha mbwa ubavu na kupiga, taya la kulia na la kushoto hupandiana, mizizi ya upande mmoja inavaa mizizi ya upande wa pili. Kuinamisha kichwa kwa pembe huyatenganisha kiasi, na kwa taya lililovunjika au uvimbe mkubwa hiyo inatosha kuanzia. Kwa ncha ya mzizi mmoja wa jino moja, haitoshi. Picha ya ndani ya kinywa, ambayo bamba dogo la kunasia picha limewekwa kinywani nyuma ya jino lenyewe, huonyesha vitu vidogo ambavyo mashine kubwa huvifunika. Mashine kubwa inaweza hata kutumika na mabamba madogo ya kinywani ikiwa kichwa chake kinaweza kushushwa na kugeuzwa; ni kazi ya kuchosha, lakini matokeo ni bora kuliko kuacha.

CT, eksirei ya kompyuta inayozunguka kichwa, hukionyesha kichwa kwa vipande vyembamba na kuondoa kabisa tatizo la kupandiana. Ni chaguo la kwanza kwa uvimbe unaoshukiwa kuwa saratani kabla ya upasuaji, kwa majeraha makubwa ya uso, kwa kiungo cha taya, na kwa matatizo ya pua. Ipo pia CT ya mwali wa umbo la koni, iliyotengenezwa kwa kuzingatia mifupa na meno, na kwa mbwa wenye pua fupi huona mambo mengi ambayo picha za kawaida hupitwa nayo. Kwa usafi wa kawaida na jino la kung'oa, ni kuchukua nyundo kuua nzi. Nayo haimalizi habari za uvimbe: iwe CT au eksirei, jina la uvimbe linatoka kwenye kipande cha nyama kilichopelekwa maabara.

Filamu, bamba la fosfori, au kihisi?

Sehemu hii ni ya kliniki inayonunua vifaa. Mwenye mnyama anaweza kuiruka.

Filamu bado inatoa picha kali, lakini inataka dawa za kusafishia, chumba cha giza au kisanduku chake, na uvumilivu. Kosa la pembe unaligundua baada ya kusafisha, wakati bamba limeshatoka kinywani. Isipokuwa umeirithi bure, siishauri.

Chaguo la kweli ni kati ya kihisi cha moja kwa moja na mabamba ya fosfori. Kihisi huunganishwa na kompyuta na picha hutokea baada ya sekunde chache. Ubora wake mkubwa uko hapa: kihisi bado kimekaa mahali pake unapoiona picha, kwa hiyo ukiona mzizi umekatika pembeni unasogeza mashine kidogo tu na kupiga tena. Anayejifunza atanufaika zaidi na hilo kuliko na kitu kingine chochote. Ubaya wake ni kwamba ni kinene, kigumu, na kwa kawaida ni kidogo: saizi ya 2, takriban sentimita 3 kwa 4. Jino la chonge la mbwa mkubwa halienei, unapiga mara mbili. Na mbwa aliyelala nusu nusu akikiuma, umepoteza mojawapo ya vifaa ghali zaidi kwenye chumba hicho.

Bamba la fosfori ni jembamba, linajikunja kidogo, na linapatikana hadi saizi ya 4, karibu sentimita 6 kwa 8, hivyo jino refu linaingia lote. Likiharibika unanunua bamba moja. Lakini lazima litoke kinywani, liingie kwenye kisomaji, lisubiriwe. Likiwa limekosewa unaanza upya kutafuta pembe. Hukwaruzika pia, na mikwaruzo huonekana kwenye picha kama nyufa ambazo hazipo. Kliniki yenye paka na mbwa wadogo wengi ichukue kihisi. Inayopokea mbwa wakubwa, sungura na wanyama wengine ina sababu nzuri ya kuchukua mabamba.

Ila kifaa kisikusahaulishe pembe. Magego ya chini ya nyuma ni rahisi: bamba huwekwa sambamba na jino, mwali unapiga moja kwa moja. Kwingine paa la kinywa halitoi nafasi, bamba linalala kwa mshazari, na daktari hulazimika kukisia mstari unaogawa katikati pembe kati ya jino na bamba, kisha kuelekeza mwali ukate mstari huo kwa nyuzi 90. Akikosea, jino hufanya kama kivuli cha mtu: jua la utosini hukifupisha, la jioni hukirefusha. Jino lililofupika huficha ncha yake, na ncha ndiyo uliyoitafuta. Kwa paka kuna kero ya ziada, mfupa wa shavu unaopita mbele ya magego ya juu. Ndiyo maana wengine hulipiga eneo hilo kwa kuweka bamba nje ya kinywa.

Kusoma nako kuna mitego. Chini ya magego madogo ya taya la chini kuna tundu la kawaida la neva, na likiangukia kwenye ncha ya mzizi linafanana kabisa na jipu. Kabla ya kulihukumu jino, sogeza mashine kidogo mbele au nyuma na upige tena. Doa likihama kutoka kwenye mzizi, ni tundu la neva. Likibaki limeganda kwenye ncha, na mstari mweupe wa mfupa unaozunguka mzizi umekatika hapo, ni ugonjwa. Meno mazima yameng'olewa kwa kukosa picha hiyo moja ya ziada.

Mionzi na nusukaputi

Hofu ya mionzi inaeleweka, lakini tuiweke mahali pake. Januari 1896, wiki chache baada ya mwanafizikia Röntgen kutangaza ugunduzi wa mionzi hii, daktari wa meno Otto Walkhoff wa Ujerumani alipiga picha ya meno yake mwenyewe kwa dakika 25. Siku hizi picha moja ni sehemu ndogo ya sekunde, na kwa mnyama anayepigwa mara moja kwa mwaka hatari ya kuacha ugonjwa bila kuonekana ni kubwa kuliko ya mionzi. Wanaohitaji kulindwa ni wafanyakazi wanaofanya kazi hiyo kila siku. Asimame mtu mita 2 au zaidi, pembeni nyuma ya mwali, avae kipima mionzi, na asishike bamba kwa vidole kamwe. Taulo iliyokunjwa au sponji hufanya kazi hiyo. Umbali ukizidishwa mara mbili, mionzi inapungua hadi robo. Mjamzito atoke chumbani.

Nusukaputi ndiyo hatari ya kweli zaidi, na inapimwa kabla kwa uchunguzi wa moyo, figo na damu. Lakini picha haziongezi nusukaputi mpya. Mnyama tayari amelala kwa ajili ya kusafishwa, na jino lililopitwa leo litamrudisha kulala tena baadaye akiwa mzee zaidi.

Sungura na farasi, kwa kifupi

Kwa sungura mpangilio wote unageuka. Meno yake 28 hukua maisha yote, kinywa chake ni finyu, na ugonjwa hukimbilia kwenye mizizi: vinundu chini ya taya, jicho linalotoka machozi bila kukoma. Hapa picha za kichwa kizima, ubavu na mshazari na kutoka juu, ndizo za kuanza nazo, na CT ni bora zaidi ikipatikana. Farasi hupigwa akiwa amesimama kwa dawa ya kutuliza, bamba likiwa nje ya shavu, kwa pembe inayotenganisha safu mbili za magego. Usaha wa pua upande mmoja kwa farasi ni sababu tosha, kwa kuwa mizizi ya magego ya nyuma ya juu imo ndani ya sinasi, yaani matundu yenye hewa ndani ya mifupa ya uso. Meno ya mbele ya farasi mzee ni hali ya pekee, tena nzuri: bamba huingia kinywani kwa urahisi, na mizizi inayomong'onyoka au kuvimba huonekana wazi.

Lini usipige

Picha ambayo haitabadili uamuzi wowote haina kazi. Mnyama mgonjwa wa moyo asiyeweza kulazwa asilazwe kwa ajili ya picha pekee. Atibiwe maumivu kwanza na daktari wa moyo asikilizwe. Mwenye mnyama aliyekwisha kuamua kwamba hatamtibu uvimbe mkubwa hahitaji seti ya picha 18 za kuuthibitisha. Na usijaribu picha za ndani ya kinywa kwa mnyama aliye macho: utapata ukungu, au meno kwenye kihisi, au kwenye mkono.

Inabaki kliniki isiyo na mashine. Inaweza kusafisha, kupima kwa kijiti, na kung'oa jino linalotikisika ambalo limebaki kushikwa na nyama tu. Zaidi ya hapo itoe rufaa. Na mzizi ukivunjika ndani wakati wa kung'oa, usichimbwe kwa kubahatisha. Damu isimamishwe, fizi ishonwe, iandikwe kwenye faili ni mzizi upi wa jino lipi umebaki, mwenye mnyama aambiwe waziwazi siku hiyohiyo, na apewe barua ya kumpeleka mnyama mahali wanapoweza kuuona.